Lubumbashi: Wanaolaumu seri wamekosea mlango, shida iko kwenye mbabula

LUBUMBASHI, Haut-Katanga. Kila mwezi wa Septemba, masomo yanapoanza tena, maneno yale yale yanarudi katika mji huu. Yanasikika kwenye mikutano ya wazazi, kanisani, kwenye basi la Katuba: seri za televizyo zimeharibu nyumba. Watoto hawasomi. Wamama wanaunguza mboga. Chakula kinaliwa bila kusemezana, na baba akitoka kazini anapokelewa na mgongo wa mke wake. Dawa inayotolewa ni moja tu: saa ya chakula, televizyo izimwe.

Dawa hiyo ni mbaya. Na wengi wanaoitoa hawajapika bukari hata siku moja wakati watu wengine wamekaa wanaangalia seri. Wangepika, wangejua kidonda kiko wapi.

Chukua nyumba yoyote ya Katuba, Kenya ao Ruashi ambako kuran imerudi magaribi. Sahani kubwa ya bukari iko kwenye meza ya chini, sombe pembeni, na samaki Thomson waliokaangwa. Nkambo amesogeza kiti karibu na ekra juu ya macho yake. Seri inasema Kifaransa. Ilitengenezwa Mexico ao India, kisha ikatiwa sauti za Kifaransa, na nkambo hakusoma Kifaransa. Anamgusa mjukuu wake begani.

— Ule bwana anasema nini?

— Anasema ule mutoto haiko wake, nkambo.

— Bongo! Ni wake. Angalia masikio.

Nyumba nzima inacheka. Baba, ambaye tangu asubuhi hajasema neno lingine zaidi ya bei ya mafuta, anasema kwamba mwanaume anayekana mtoto wake si mwanaume. Mama anamwangalia kwa pembeni, anauliza kama neno hilo ni la wanaume wote ao ni la yule wa Mexico peke yake. Binti wa miaka kumi na tano anasikiliza bila kuinua macho, lakini anasikiliza. Usiku huo amejua baba yake anafikiri nini juu ya msichana aliyepewa mimba na kufukuzwa. Hakuna mkutano wa ukoo ambao ungemwambia. Hakuna siku ambayo yeye angeuliza.

Hiyo ndiyo kazi ambayo seri inafanya kwenye sahani ya magaribi, na wanaotaka kuizima hawaioni. Mambo ya urithi, ya mke wa pili, ya mama mkwe, ya mtoto wa nje, ya mali iliyopatikana haraka, ni mambo ambayo katika nyumba nyingi za Lubumbashi hayasemwi mbele ya watoto, na mbele ya mzee hayasemwi kabisa. Yakiwa ya mtu wa ekra, yanasemwa. Kila mtu anaweza kutoa hukumu bila kumgusa mjomba. Hata mtoto mdogo ana kazi ya heshima hapo: yeye ndiye mkalimani, na usiku anaotafsiri vibaya anarekebishwa na dada yake, na Kifaransa chake kinapata mazoezi ambayo mwalimu mwenye wanafunzi themanini hana muda wa kumpa.

Wanaolilia zamani wanasahau zamani ilikuwa namna gani. Katika malupango mengi baba alikula peke yake ndani, kwenye meza yenye kitambaa, na kipande kikubwa cha nyama. Watoto wa kiume walikula nje, sahani yao moja. Mama na wasichana walikula mwisho, kwenye jikoni, kile kilichobaki kwenye sufuria. Huo ndio umoja ambao televizyo imeharibu? Televizyo iko moja na chumba ni kimoja: baba amelazimika kukaa pahali watoto wanakaa. Sahani yake imesogea karibu na sahani zao. Mzee anayelalamika kwamba seri imevunja heshima, mara nyingi analilia ile meza yenye kitambaa.

Na hata ile meza haikutoka kwa mababu peke yao. Lubumbashi ni mji wa shaba. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilijenga kambi za wafanyakazi, ikagawa posho ya unga, na katika nyumba zake za mafundisho wake za wafanyakazi walifundishwa kupika, kushona na kutunza nyumba, ili mume akitoka kazini akute kila kitu tayari. Kampuni ilitaka mfanyakazi aliyeshiba na kupumzika. Gécamines ilipochukua nafasi, posho iliendelea, na ile picha ya nyumba pia: mwanaume anakaa, mwanamke anasimama. Leo mishahara ile imekwisha katika familia nyingi, posho imekwisha, mwanamke ndiye anayeuza unga ao makala pembeni ya barabara toka asubuhi. Lakini picha imebaki ukutani.

Tena, kula huku watu wanaangalia mchezo si jambo lililoletwa na chaneli za juzi. Mji huu ulikuwa na michezo yake. Kundi la Mufwankolo lilicheza kwa Kiswahili cha Lubumbashi, kwenye redio kisha kwenye televizyo, mambo ya ndoa, ya deni, ya mume mlevi, ya bibi mwenye maneno mengi. Televizyo zilikuwa chache, majirani walijaa kwenye nyumba moja. Hakuna aliyesema wakati ule kwamba Mufwankolo ameharibu nyumba za watu. Watu wazima waliocheka wakiwa watoto mbele ya ekra ya jirani ndio leo wanaowakataza watoto wao.

Sasa, kidonda kiko wapi?

Kiko nje, nyuma ya nyumba, kwenye mbabula. Rudi kwenye ile nyumba ya Katuba, dakika ishirini mbele ya ile sahani. Muziki wa kufungua seri umesikika. Nkambo amekaa, baba amekaa, wavulana wamekaa. Binti wa miaka kumi na tano yuko nje, amepiga magoti mbele ya sufuria, moshi kwenye macho. Sombe ilianza kutwangwa saa za mchana, ikachemka muda mrefu mpaka sumu yake ikatoka, ikatiwa mafuta ya ngazi na kitunguu. Hiyo haina haraka, inaweza kungoja. Bukari haungoji. Maji lazima yachemke, unga uingie kidogo kidogo, mwiko uzunguke kwa nguvu mpaka ushike, na ukitoka uliwe wa moto, maana ukipoa unafanya ngozi juu na kila mtu anakunja uso. Kwa hiyo saa ambayo nyumba nzima inataka kula ndiyo saa ambayo mtu mmoja lazima awe mbali na ekra. Mtu huyo siku zote ni yule yule.

Anaingia na sahani wakati wa matangazo. Anauliza kilichotokea. Anaambiwa: “Ngoja, yaya, utaona.” Hajakaa vizuri, kaka yake anataka maji ya kunawa. Kisha chumvi. Kisha pilipili. Kisha baba anasema sombe imepoa, iende kupashwa. Anapomaliza, seri imekwisha na sahani ya samaki ina vichwa. Kesho yake anasikia kwenye mkutano wa wazazi kwamba seri inawafanya wasichana kuwa wavivu.

Wale wanaosema “tuzime televizyo” hawamsaidii binti huyu hata kidogo. Ikizimwa, atapika vilevile peke yake, atapasha vilevile, atakula vilevile mwisho. Tofauti ni kwamba hakuna atakayeona kwamba amekosa kitu. Seri imefanya kosa moja tu: imeonyesha wazi jambo ambalo lilikuwa pale siku nyingi. Kabla yake, aliyekuwa jikoni alionekana yuko pahali pake. Sasa anaonekana hayupo.

Na kuna jambo baya zaidi ya kukosa nusu ya hadithi. Katika miezi ya Juni na Julai, usiku wa Lubumbashi ni baridi kweli. Katika miezi ya mvua, nje hakukaliki. Anayepika, akiwa amechoka kukosa, anafanya hesabu yake: anaingiza mbabula ndani. Anaiweka karibu na mlango, kisha mlango unafungwa juu ya baridi ao mvua, dirisha lina plastiki, na anaweza kusonga bukari huku jicho moja liko kwenye ekra. Wote wanafurahi: chumba kina joto, chakula kiko karibu, hakuna anayekosa.

Makala yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa yanatoa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu. Inakamata damu pahali pa oksijeni, na mtu anaanza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi mzito. Watoto wadogo na wenye mimba wako katika hatari kubwa zaidi. Kinachodanganya watu ni kwamba makala yakiwa mekundu, bila moshi, wanafikiri hatari imepita. Kumbe gesi hiyo haitegemei moshi. Familia inayolala mbele ya televizyo na mbabula katikati inaweza isiamke. Anayetaka kuhubiri juu ya seri na chakula cha magaribi, ahubiri hilo. Ni neno moja la mlangoni: mbabula inakaa nje. Lakini neno hilo halitashikwa mpaka nyumba ikubali neno la pili, kwamba nje hakai mtu mmoja kila usiku.

Wababa wengine wanajibu kwamba mwanaume hapiki bukari, ni desturi. Jibu la kwanza liko barabarani. Karibu na migodi, wachimbaji wanaoishi mbali na wake zao wanapika wenyewe, bukari na kapenta, na hakuna aliyegeuka mwanamke. Mwanafunzi wa chuo kikuu aliyetoka Kolwezi ao Likasi anapanga chumba na wenzake, anapika. Mkono wa mwanaume unajua mwiko. Unausahau tu siku ambayo mkono wa mke ao wa dada umekaribia. Hiyo si desturi. Ni raha.

Jibu la pili linakuja na giza. Katanga yenyewe ina mabwawa ya Mwadingusha, Koni, Nzilo na Nseke, yaliyojengwa zaidi ya miaka hamsini iliyopita ili kulisha migodi, na hata leo viwanda vya shaba na kobalti vinahitaji umeme mwingi, na mitaa inapewa kuran kwa zamu. Kila nyumba inajua usiku ambao ekra inazimika pale pale mke anafungua barua. Kelele inapigwa mtaa mzima. Na kisha, ni nini kinatokea? Watu wanatoka nje, wanazunguka mbabula, maana ndiyo mwanga uliobaki. Mvulana anachukua kipande cha karatoni anapepea makala bila kuambiwa. Baba anashika tochi ya simu juu ya sufuria ili binti aone. Nkambo anamaliza hadithi kwa namna yake mwenyewe, na kwa nkambo yule bwana anakubali mtoto, kisha anafilisika, ambavyo pengine ni vizuri kuliko walivyoandika Mexico. Bukari unasongwa katikati ya watu wote. Siku hiyo hakuna aliyesema ni kazi ya nani. Basi mikono iko. Kinachoiondoa ni kuran ikirudi.

Yako malalamiko ambayo si ya bure, na hayafai kufichwa. Nyumba inayochelewesha chakula mpaka seri ianze, watoto wa chekechea wakalala na njaa kwenye kiti, nyumba hiyo imekosea. Mtoto mwenye mtihani wa serikali anahitaji saa zake, na baba anayeongeza sauti wakati mtoto anasoma kwenye chumba kile kile hana haki ya kulaumu seri kwa alama zake. Samaki mwenye mifupa mingi na macho kwenye ekra havipatani. Wamama wanajua, ndiyo maana wanawatolea wadogo mifupa wakiwa bado jikoni. Na zipo seri ambazo mtoto hapaswi kuziona, na mzazi ndiye anayeshika komande. Lakini hayo yote yanaamuliwa na nyumba yenyewe. Mhubiri hawezi kuyaamua kwa kuzima kila kitu, wala mwalimu.

Kinachohitajika ni kupanga chakula pamoja na seri, badala ya kumwachia mtu mmoja apatanishe viwili hivyo kwa miguu yake. Wamama wengine wa mji wameshafanya hivyo bila kungoja ruhusa. Siku za seri wanapika vitu vinavyongoja: maharagi yaliyowekwa motoni toka mchana, sombe, lengalenga yenye karanga. Bukari wanausonga mbele ya muziki wa kufungua, wanauweka kwenye bakuli la kutunza moto na kuufunika. Hauko kama ule uliotoka sasa hivi kwenye sufuria, lakini unalika, na anayeona haulikiki anakaribishwa nje kushika mwiko. Siku nyingine hakuna bukari kabisa: viazi vitamu vya kuchemsha, ao mihogo na chikanda iliyonunuliwa kwa jirani, vinaliwa kwa mkono bila kwenda na kurudi. Maji ya kunawa, chumvi, pilipili, vinakuja mezani mara moja, vyote, na vinaletwa na wale wasiopika. Mambo madogo. Lakini kwa mambo madogo hayo binti anaona mwanzo wa seri, na mwisho wake.

Na zamu ziandikwe. Nyumba inayojua kwa kichwa siku na saa za seri tatu za chaneli mbili haishindwi kujua nani anapika Jumanne. Mvulana wa miaka kumi na tatu anayeweza kueleza ukoo wote wa familia tajiri ya Mexico, mtoto wa nani ameibiwa hospitalini na nani anajifanya kipofu, anaweza kukumbuka kwamba chumvi inaingia kwenye mboga mara moja.

Watu watasema hili ni jambo dogo sana katika mji wenye shida kubwa, wenye maji yasiyofika, bei ya mfuko wa unga wa kilo 25 inayobadilika kila mpaka wa Kasumbalesa ukichelewesha magari. Ni kweli shida ziko. Lakini shida hizo zote zinaingia nyumbani kwa mlango huo huo wa jikoni. Unga ukipanda, anayekunja uso kwanza ni anayepima vikombe vya kutia katika sufuria. Makala yakipanda, anayetafuta kuni na vipande vya karatoni ni yeye. Maji yakikatika, ndoo iko juu ya kichwa chake. Kumwambia tena kwamba hata ile saa moja ya kukaa na watu wake mbele ya hadithi ni uvivu, ni kumnyima kitu cha mwisho ambacho hakina bei.

Mtafiti Johannes Fabian, aliyeishi na kufanya kazi katika mji huu, aliandika jinsi msemo mmoja ulivyomshika hapa mwaka 1986, juu ya firigisi ya kuku: mamlaka yanaliwa mazima. Firigisi haikatwi, anapewa mkubwa peke yake. Kundi la Mufwankolo lilichukua msemo huo likaufanyia mchezo mzima, wakabishana wenyewe kwa wenyewe maana yake ni nini, na kitabu kikatoka mwaka 1990. Msemo ni wa mamlaka ya chifu. Lakini unakaa vizuri pia kwenye meza ya chini ya Katuba.

Maana kuna kawaida moja nzuri ambayo seri zimeleta: siku ya mwisho wa seri, nyumba yenye uwezo inanunua kuku. Majirani wanaitwa, wale ambao hawana abonema wanakuja na mafuta ao vitunguu ao chupa ya soda, nkambo anavaa kikwembe cha kutokea. Kuku anapikwa nje, na firigisi iko moja. Katika nyumba moja ya Kenya, mwisho wa seri ya miezi mingi, baba alinyoosha mkono kuichukua kama kawaida. Mama akamuuliza mbele ya majirani kama anaweza kusema yule dada mkubwa wa seri aliolewa na nani katikati ya hadithi, kabla ya ajali. Baba alijua, alisema jina haraka. Kisha mama akamuuliza binti yao swali lile lile. Binti hakujua. Usiku ule alikuwa nje, anasonga.

Firigisi ilikaa kwenye sahani muda. Nkambo ndiye aliyeichukua, akaipasua kwa vidole vipande viwili, akampa binti kimoja, na kingine akala mwenyewe. Baba alitoka nje kuangalia kama makala yamezimwa.